Pembe ya mgongoni ya kifaru wa Dürer: kosa la mchoraji au la fundi aliyechonga kibao?

#1 Mchongoma
Salaam wakuu. Kuna picha ya kifaru ambayo wengi mmeshaiona hata kama hamjui ni ya nani. Kifaru kavaa kama deraya (vazi la chuma la vita), ngozi imegawanyika vipande vipande, miguuni magamba kama ya samaki. Ni chapa ya kibao cha mbao ya mwaka 1515, kazi ya Albrecht Dürer wa Nuremberg, Ujerumani. Mjomba wangu kaitundika sebuleni kwake Tanga, nimekua nikiitazama kila Idi.

Juzi nikaipiga picha kwa simu nikaikuza. Nikaona kitu ambacho miaka yote hakikunijia: nyuma ya shingo, juu ya mabega, pana kipembe kingine kidogo, kimesokotwa kama skrubu. Sisi tuliozaliwa kwenye nchi ya vifaru tunajua. Wa kwetu ana pembe mbili, zote ziko puani, moja nyuma ya mwenzake. Wa India ana moja. Wa mgongoni hayupo.

Najua Dürer mwenyewe hakumwona mnyama yule, aliletewa barua yenye habari na mchoro kutoka Lisbon. Najua pia kwamba zama zile mmoja alichora na mwingine akachonga. Swali langu: kile kipembe kiliwekwa na mwenye kalamu au mwenye kisu? Mimi nadai ni mwenye kisu. Kiliteleza, akaona haya, akaligeuza kosa kuwa pembe.

#2 Kifaru Mtata
Kwa niaba ya ukoo wetu, tunaomba pembe yetu irudishwe.

Nimekaa pale nasubiri wajuzi.

#3 Fundi Juba
Mleta mada, hapo umeteleza wewe, si kisu. Kwenye kibao cha kuchapia, kinachobaki juu ndicho kinachoshika wino. Ulichokiondoa kinatoka cheupe. Kwa hiyo kisu kikiteleza hakikuongezei pembe, kinakukatia mstari: unapata mwanya mweupe katikati ya mstari mweusi. Ili kipembe kile kitokee, fundi alipaswa kuiacha mbao mahali pale kwa makusudi na kuchimba pande zote za kila mstari. Hiyo si ajali. Hiyo ni kazi ya saa nzima na jasho juu.

Babu yangu alikuwa anachonga milango. Kosa la patasi ni shimo, siku zote ni shimo. Hakuna patasi duniani iliyowahi kukosea kwa kuongeza mbao.

#4 Mlowezi wa Bavaria
Fundi kamaliza upande wa mbao, mimi niongeze upande wa karatasi. Mchoro wa kalamu wa Dürer uliotangulia kibao upo hadi leo, British Museum, London. Na kipembe kimo. Kwa hiyo fundi ameachiwa huru, alifuata alichochorewa.

Halafu mwaka uleule 1515 Hans Burgkmair wa Augsburg naye alitoa kifaru wake kwa kibao. Wake hana kipembe mgongoni, na miguu ya mbele kafungwa kamba kama mnyama aliyetoka melini. Ukiwaweka pamoja, wa Burgkmair ndiye anayefanana na kifaru. Lakini nakala ya Burgkmair inayojulikana imebaki moja tu, ipo Albertina, Vienna. Ya Dürer ikaenda dunia nzima. Mwenye sura ya kweli kasahaulika, mwenye deraya yuko sebuleni Tanga.

#5 Mchongoma
Nimeshindwa, tena kwa mabao mawili. Asanteni.

Basi nibadili swali. Mchoraji alikitoa wapi?

#6 Popo wa Mchana
Mimi nina jibu, na limepita kwetu. Kifaru yule alikuwa zawadi ya Sultani Muzaffar wa Pili wa Gujarat kwa Wareno. Alisafirishwa mwanzoni mwa 1515, na meli ilitia nanga Msumbiji kabla ya kuzunguka kusini kwenda Ureno. Akashuka Lisbon tarehe 20 Mei. Sasa fikirini: mabaharia wamepita pwani yetu, wamesikia habari za kifaru mwenye pembe mbili, wamefika Lisbon wanasimulia. Mwandishi wa barua anasikia "pembe mbili", mbele yake kuna mnyama wa pembe moja. Ya pili ataiweka wapi? Mgongoni.

#7 Mwalimu Kipenseli
Popo, inapendeza ila haina shahidi hata mmoja. Habari za kifaru wa pembe mbili zilikuwepo Ulaya tangu Warumi. Mshairi Martialis alimtaja kifaru anayemrusha dubu kwa pembe mbili. Wasomi wa Nuremberg walikuwa wanaishi kwa vitabu vya Kilatini. Hata maandishi yaliyo juu ya picha yenyewe, yale ya uadui wa kifaru na tembo, chanzo chake ni Plinius, mwandishi mwingine wa Kirumi. Mtu anayekisoma kitabu cha zamani kuliko anavyomtazama mnyama anaweza kabisa kuongeza pembe kwa sababu kitabu kimesema.

#8 Popo wa Mchana
Yaani Mrumi aliyekufa ni shahidi, baharia aliyepita Msumbiji si shahidi? Haya mwalimu.

#9 Bi Shaba
Kaka zangu mnatafuta mbali. Ngozi ya kifaru wa India ina mikunjo mikubwa shingoni na mabegani. Mtu wa Lisbon kachora haraka, mkunjo umesimama kidogo, pengine na chunusi ya ngozi juu yake. Anayepokea mchoro hajawahi kumwona mnyama. Anaona kitu kimesimama, anakichora kimesimama. Mbona rahisi.

#10 Mlowezi wa Bavaria
Bi Shaba, na deraya je? Wako wanaosema ni mikunjo hiyohiyo imetiwa chumvi. Wako wanaosema Dürer alizungukwa na mafundi wa deraya, Nuremberg ilisifika kwa kazi hiyo, basi jicho lake lilizoea chuma. Na wako wanaosema huenda mnyama alivishwa deraya kweli, maana Mfalme Manuel wa Ureno alimpambanisha na tembo tarehe 3 Juni. (Tembo alikimbia. Pambano halikufika popote.)

#11 Kifaru Mtata
Ahsante kwa kumbukumbu ya ushindi huo. Baadaye je, mshindi alilipwa nini?

#12 Mlowezi wa Bavaria
Alitumwa Roma kama zawadi kwa Papa Leo wa Kumi. Meli ikazama pwani ya Italia mwanzoni mwa 1516, karibu na Porto Venere. Alikuwa amefungwa minyororo, hakuweza kuogelea.

#13 Kifaru Mtata
Sina utani tena leo.

#14 Muhuri Mmoja
Habari za asubuhi. Nasoma tangu juu, mimi natengeneza mihuri Kariakoo, naomba niulize kitu cha kikazi. Fundi Juba kasema mistari yote iliachwa juu na pembeni pakachimbwa. Nimeikuza picha. Kuna sehemu mistari inapishana kama wavu! Yaani kila kijicho cha wavu kilichongwa peke yake kwa kisu? Na ni Dürer mwenyewe alikaa akafanya hivyo? Mimi herufi ya "R" tu inaniumiza macho.

#15 Fundi Juba
Kila kijicho, ndiyo. Mbao ilikuwa ya mpeasi mara nyingi, ngumu na laini usoni, imepasuliwa kwa urefu kama ubao wa mlango. Mchoro unawekwa juu ya mbao yenyewe kwa wino, kisha kisu kinapita ubavu mmoja wa mstari, kinarudi ubavu wa pili, halafu patasi ndogo inaondoa kilichobaki.

Kama alichonga mwenyewe? Hapo uzi mwingine kabisa.

#16 Mwalimu Kipenseli
Si uzi mwingine, ndio huuhuu. Hakuchonga. Ujerumani ile wachongaji wa vibao walikuwa na kazi yao na wachoraji yao, na kazi hizo zililindwa. Kule Augsburg, mchapaji Günther Zainer alipotaka kutia picha kwenye vitabu vyake, wachongaji walimpinga mpaka yakafikiwa makubaliano kwamba awatumie wao. Mchoraji mwenye jina kama Dürer asingekaa kuchimba mbao.

Na ushahidi wa mikono tofauti upo Basel. Pale kuna vibao zaidi ya mia vya tamthilia za Terentius, mwandishi wa Kirumi, vimechorwa kwa wino na havikuchongwa. Vimekaa hivyo tangu miaka ya 1490. Wengi wanasema mkono ni wa Dürer kijana. Alichora akaondoka, aliyetakiwa kuchonga hakuchonga.

#17 Bi Shaba
Mwalimu, Basel inaonyesha nani alichora. Haionyeshi kwamba aliyechora hakujua kushika kisu.

Mimi nakataa. Tazameni *Ufunuo* wa 1498, picha 15, mojawapo ile ya wapanda farasi wanne. Kabla yake vibao vilikuwa na mistari minene kama uzio, watu wanajazia rangi kwa brashi. Ghafla anatokea kijana wa miaka 27, mistari inanenepa na kukonda kama mwandiko. Fundi gani wa mtaani alikuwa anaweza kuchonga mstari ambao hajawahi kuuona? Lazima kwanza aonyeshwe na mwenye kuutaka. Alichonga mwenyewe mwanzoni, akafundisha, akaacha.

#18 Mlowezi wa Bavaria
Hoja ya Bi Shaba ina watu wake. Kibao cha *Samsoni akimrarua simba* kipo Metropolitan, New York, na wako waliokikagua wakasema mkono uliochonga ni wa mwenyewe. Wengine wamekagua kibao hichohicho wakasema hapana. Mbao haina saini ya kisu.

Lakini kuanzia miaka ya 1510 jina la mchongaji tunalo: Hieronymus Andreae wa Nuremberg. Ndiye aliyeongoza uchongaji wa *Tao la Ushindi* la Kaisari Maximilian, vibao 190 na ushei, ukiunga karatasi zote picha inafika karibu mita 3 na nusu kwenda juu. Johann Neudörffer aliyeandika habari za mafundi wa mji mwaka 1547 anasema Kaisari alipokuwa Nuremberg alikuwa akienda karibu kila siku kumwangalia Andreae akichonga, na fundi alikaa kichochoro kiitwacho Frauengässlein, yaani kichochoro cha wanawake. Watu wakaanza kusema: "Kaisari kaenda tena kwenye kichochoro cha wanawake."

#19 Popo wa Mchana
Hahaha! "Mke wangu, nilikwenda kutazama mbao."

#20 Fundi Juba
Nyumbani kwa babu ilikuwa hivi. Mzee alichora maua kwa penseli kwenye ubao wa mninga, vijana tukachimba. Sehemu ngumu, pale jani linapojikunja, alichukua patasi akafanya mwenyewe kidogo, akaturudishia: "Endeleeni hivyo." Mlango ukitoka unaitwa wa mzee. Ukiniuliza leo nani alichonga mlango ule siwezi kukujibu, na nilikuwepo.

Kwa hiyo nyote wawili mnaweza kuwa mmekosea.

#21 Mwalimu Kipenseli
Fundi, nakuheshimu, ila kuna waliotia alama zao. Hans Lützelburger aliyechonga *Ngoma ya Kifo* ya mchoraji Holbein aliweka HL yake kwenye picha ya Bibi wa Kifalme, kwenye kitanda. Alifariki 1526, kitabu kikatoka Lyon 1538 na picha 41. Dibaji inamlilia msanii aliyekufa na kuacha kazi haijakamilika, wakati Holbein mwenyewe alikuwa hai London mpaka 1543. Nani alikuwa msanii machoni pa aliyeandika dibaji ile? Mwenye kisu.

#22 Mchongoma
Mwalimu umejipiga mwenyewe. Juu umesema mchoraji mwenye jina hakuchonga, sasa unasema mchongaji ndiye mwenye jina.

#23 Mwalimu Kipenseli
Sijajipiga. Nimesema kazi zilitenganishwa. Sifa ni habari nyingine.

#24 Muhuri Mmoja
Nikirudi kwangu: mwaka juzi nilichonga muhuri wa ofisi moja (siitaji), nikasahau kugeuza herufi mbili. Wakachapa barua 40 kabla ya mtu kugundua. Hawakunilipa mpaka leo. Je, hawa mabingwa hawakukosea kugeuza?

#25 Bi Shaba
Muhuri Mmoja, pole, na ujifariji. Dürer ana picha ya mchawi kapanda mbuzi kinyumenyume, ya mwaka 1500 hivi. Nembo yake ya A na D iko chini, na D imegeuka! Nyumba ya mchawi kila kitu ni kinyume, kwa hiyo wako wanaosema alifanya makusudi. Mimi nasema alisahau kama wewe.

Ila ile si mbao, ni shaba, na hapo ndipo mzozo wenu wa nani alichonga unakwisha. Baba yangu ni sonara Mombasa, naijua kalamu ile: chuma cha pua kilichonolewa kwa mshazari, kitako cha mbao kinakaa ndani ya kiganja, unasukuma mbele, unyuzi wa shaba unajikunja mbele ya ncha. Ukitaka mstari uzunguke huzungushi mkono, unazungusha bamba juu ya kimto cha ngozi. Ni kinyume cha mbao kabisa: ulichokichimba ndicho kinachokaa wino. Unapaka bamba zima, unalifuta uso mpaka ling'ae, wino unabaki ndani ya mifereji, halafu karatasi yenye unyevu na bamba vinapitishwa pamoja katikati ya magurudumu mawili yanayobana kwa nguvu.

Baba yake Dürer alikuwa sonara, na mtoto alianza kazi kwake kabla ya kwenda kwa mchoraji Michael Wolgemut mwaka 1486. Shaba alichimba mwenyewe. *Adamu na Hawa* ya 1504 ina kibao kimening'inia tawini, kimeandikwa kwa Kilatini kwamba Albrecht Dürer wa Nuremberg ndiye aliyeifanya. Herufi zote zilichimbwa kinyume.

#26 Mchongoma
Kama alikuwa na shaba na mkono wake mwenyewe, kwa nini kifaru akamweka kwenye mbao?

#27 Fundi Juba
Biashara. Bamba la shaba linachoka, mistari miembamba inafutika baada ya nakala mia kadhaa nzuri. Mbao inakwenda maelfu. Na mbao unaifunga pamoja na herufi za madini ya risasi, unachapa mara moja picha na maneno. Yale maandishi juu ya kifaru ni herufi za mchapaji. Shaba ingehitaji kupita mtambo wa pili.

#28 Mwalimu Kipenseli
Na maandishi hayohayo yanasema kifaru alifika mwaka 1513. Alifika 1515. Aliyepanga herufi naye ana kesi yake.

#29 Popo wa Mchana
Sasa hivi tuna mchoraji, mchongaji, mpanga herufi, mwandishi wa barua na Mrumi mmoja. Kifaru kabebeshwa watu wengi kuliko daladala.

#30 Mlowezi wa Bavaria
Nimewahi kwenda nyumbani kwa Dürer, karibu na lango la Tiergärtnertor. Aliinunua 1509. Siku niliyokwenda walikuwa wanaonyesha namna ya kuchapa, mama mmoja akaniachia nivute mkono wa mtambo. Nilivuta kwa adabu, karatasi ikatoka nusu nyeupe. Akasema kwa Kijerumani kitu ambacho nakitafsiri kama "shemeji, hujala?"

Alichoniambia kingine: waliouza picha walikuwa wanawake wa nyumba ile. Mkewe Agnes alikwenda kwenye maonyesho ya biashara Frankfurt na mzigo wa karatasi, na mama yake Barbara aliuza pale mjini.

#31 Kifaru Mtata
Nimerudi. Kumbe aliyekula faida ya sura yangu ni shemeji Agnes.

#32 Mlowezi wa Bavaria
Na kazi ya mumewe ililindwa pia. Dürer alipofariki Aprili 1528, mchoraji Sebald Beham alitaka kutoa kitabu cha vipimo vya farasi, na mshirika wake alikuwa nani? Hieronymus Andreae, mchongaji yuleyule. Ilidaiwa kwamba wamechota kwenye kazi ya marehemu. Baraza la mji likawazuia wasitoe mpaka kitabu cha Dürer mwenyewe kitoke.

#33 Bi Shaba
Marehemu alizoea. Marcantonio Raimondi wa Italia alinakili picha zake za mbao za *Maisha ya Bikira* kwenye shaba, mpaka nembo ya A na D. Vasari, Mwitaliano aliyeandika maisha ya wasanii, anasema Dürer alikwenda Venice kushtaki, akaambiwa jamaa anaweza kunakili picha lakini aache nembo. Safari ile wengine wanaitilia shaka, ila mwaka 1512 baraza la Nuremberg kweli liliamuru muuzaji mmoja mgeni aondoe nembo za uongo kwenye karatasi zake.

#34 Muhuri Mmoja
Yaani picha sawa, sahihi hapana. Kariakoo sheria ni hiyohiyo.

#35 Popo wa Mchana
Kabla hamjaufunga, nirudi pwani, maana mwalimu alinikatisha. Burgkmair mliyemsifu ana kazi ya 1508, msururu wa vibao vya watu wa Guinea, Algoa, Arabuni, India na Mfalme wa Cochin. Alivitoa kwenye habari za Balthasar Springer, wakala wa matajiri wa Augsburg, aliyesafiri 1505 na msafara wa Wareno ulioongozwa na Almeida. Msafara ule mnaujua: Kilwa Julai, Mombasa Agosti, miji ikaporwa. Miaka mitatu baadaye Augsburg wanauziana picha za safari hiyo. Na 1572 Cologne, Braun na Hogenberg wakatoa kitabu cha miji ya dunia kwa shaba, ukurasa mmoja una Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Kwa hiyo msiniambie mabaharia hawakuleta kitu Ulaya.

#36 Mwalimu Kipenseli
Hakuna aliyesema hawakuleta kitu. Nimesema hawakuleta kipembe.

#37 Bi Shaba
Popo, nimeiona Mombasa ile ya 1572. Nimezaliwa hapa na sikupatambua hata kona moja.

#38 Mchongoma
Wakuu, nimempigia mjomba aitazame picha yake vizuri. Anasema kuna mstari mweupe unapita kwenye miguu yote ya kifaru, toka huku mpaka huku, kama ufa. Miaka yote alidhani ni kioo cha fremu. Kibao cha asili kilipasuka?

#39 Fundi Juba
Kilipasuka, ndiyo. Kiliendelea kuchapwa karne ya 16 na kuingia ya 17, kimebunguliwa na wadudu, ufa miguuni. Amsterdam huko Willem Janssen aliongeza kibao cha pili cha rangi kujaribu kukifufua. Ufa ukipita kwenye miguu, picha imetoka kwenye kibao cha uzeeni. Au imepigwa picha kutoka nakala hiyo.

#40 Mchongoma
Mjomba sasa anakataa mtu kuigusa. Anasema nitafute mnunuzi.

#41 Muhuri Mmoja
Mwambie aitoe kwenye fremu kwanza aangalie nyuma. Kama kuna kalenda ya 1994, asipige simu popote.